Naomba ushauri: rekodi yangu ya jeshi ina makosa

Ndugu na dada, hamjambo? Nilistaafu jeshini nikiwa sajenti, naishi Kayole, Nairobi. Cheti changu cha utumishi kinasema nilijiunga 1996, ilhali niliapishwa 1994, na kipindi changu cha Somalia hakimo kabisa. Miaka ile miwili inanipunguzia pensheni, lakini Somalia ndiyo inaniuma zaidi. Wenzangu wengine hawakurudi. Nimepeleka barua mara tatu, pamoja na nakala ya barua ya kuajiriwa. Jibu ni lile lile, faili inatafutwa.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinanipa haki ya kusahihishiwa habari zisizo za kweli zinazoniathiri. Je, nianze na hati ya kiapo, au niende moja kwa moja Tume ya Haki za Utawala (ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali)? Na ushahidi wa tuliotumikia pamoja unakubalika?