Kidole tumbo kwa mtoto: kisu au dawa tu? Naombeni msaada wa haraka

Baba Nurdin, Ijumaa saa 3:12 asubuhi
Wakuu habari za asubuhi. Nitaandika kwa kifupi, niko kwenye benchi nje ya wodi. Binti yangu jana usiku kagundulika ana kidole tumbo. Daktari wa zamu ya usiku alisema apasuliwe leo. Asubuhi hii kaja bingwa, anasema tunaweza kuanza na dawa za kuua bakteria za mshipa siku moja au mbili, tumbo lisipotulia ndipo apasuliwe. Uamuzi wametuachia mimi na mama yake. Mama yake hataki kusikia habari ya kisu. Mimi sijui nishike lipi. Aliyepitia hili na mtoto wake anisaidie, ipi bora? Wanataka jibu kabla ya saa 6.

Chuma Chakavu, saa 3:15
Pasua. Hata bila hicho kidude mtu anaishi vizuri tu. Mimi nilitolewa nikiwa kidato cha pili na leo nabeba gunia la mahindi bila kuhema. Swali lingine.

Sista Bukoba, saa 3:21
Mleta mada, pole sana, ila umeandika mistari kumi na tunachokihitaji hakimo hata kimoja. Mtoto ana miaka mingapi? Maumivu yalianza siku gani, saa ngapi? Ultrasaundi amefanyiwa? Inasemaje kuhusu unene wa kidole, kuna kijiwe ndani, kuna maji au usaha pembeni? Homa? Chembe nyeupe za damu ngapi? Na hapo mlipo ni hospitali ya wilaya, ya mkoa au ya kanda? Bila hayo, anayekwambia pasua na anayekwambia usipasue wote wanapiga ramli. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji mwaka wa 14 huu.

Mzigua Halisi, saa 3:23
Naunga mkono. Na bima anayo?

Mama Shamimu, saa 3:40
Ngoja nikusimulie ya kwetu. Mwaka juzi mwanangu wa kiume alikuwa na miaka minne. Ilianza Jumatano, akasema kitovu kinauma, akakataa wali maharage ambao kwa kawaida anagombania na sahani ya mwenzake. Akatapika mara moja. Nikampeleka kituo kimoja jirani, wakapima mkojo, wakasema UTI. Tukapewa dawa ya maji na Panado. Alhamisi maumivu yakashuka chini kulia, mtoto anatembea ameinama kama kikongwe, mkono kwenye nyonga. Nikarudi pale pale, safari hii wakasema taifodi, dawa zikaongezwa.

Ijumaa alfajiri akaamka hana maumivu. Jamani nilivyofurahi! Nikamkorogea uji, akanywa vijiko viwili akalala. Saa nane mchana namgusa, anawaka moto, tumbo limekaza kama ngoma ya kuwambwa, hata kanga ikimgusa anapiga yowe. Kumbe maumivu yalikatika kwa sababu kidole kilishapasuka chenyewe huko ndani.

Hospitali kubwa daktari alimwambia akohoe tu. Akajaribu, akashika tumbo, akalia. Yule daktari hakumaliza hata kuandika kwenye faili. Walimfungua katikati ya tumbo, si kile kikovu kidogo cha pembeni mnachokijua. Mrija puani, mrija ubavuni, siku 11 wodini, na kila asubuhi swali ni lile lile: "Mama, ameshatoa upepo?" Siku ya tano alipojamba wodi nzima ilipiga vigelegele. Leo nacheka, siku ile nililia kwenye kanga ya mwenzangu wa kitanda cha pili.

Kwa hiyo mimi sikwambii kisu wala dawa. Nakwambia angalia saa.

Chuma Chakavu, saa 3:43
Si ndicho nilichosema mimi? Pasua.

Mama Shamimu, saa 3:44
Hapana kaka. Wangu alicheleweshwa, hakuwahi kupewa hilo chaguo. Soma tena taratibu.

Tiba ya Mizizi, saa 3:47
Msikubali kisu ndugu zangu. Kuna mzizi unachemshwa na tangawizi, siku tatu kidole kinanywea chenyewe. Njoo faragha.

Sista Bukoba, saa 3:48
Wasimamizi, mtoeni huyu. Na wewe baba, mtoto asile wala kunywa chochote mpaka wakuruhusu, iwe maji, iwe uji, iwe huo mzizi.

Mbongo Toronto, saa 4:02
Huku Kanada tulipewa chaguo hilo hilo, binti yetu ana miaka 12. Vipimo vilionyesha kidole kimevimba lakini hakijapasuka, kijiwe hakuna, na maumivu hayajatimiza siku mbili. Tukachagua dawa. Dripu siku moja na nusu, kisha nyumbani na vidonge vya kumalizia wiki. Siku ya nne yuko shule, hana hata mkwaruzo. Raha tupu.

Miezi mitano baadaye, usiku wa manane, mlango unagongwa: "Mama, ni lile tumbo." Safari hiyo hatukujadili, wakakitoa kwa matundu matatu madogo, kesho yake tukarudi nyumbani. Kama najuta? Sijuti. Dada yangu anasema nimemtesa mtoto mara mbili kwa ugonjwa mmoja, na tulinuniana nusu mwaka kwa ajili hiyo. Lakini mwanangu alikuwa na mtihani wakati ule na alikuwa anatetemeka kwa hofu ya nusu kaputi. Ile miezi mitano ilimsaidia.

Mpenda Hesabu, saa 4:10
Niweke namba ili tusibishane hewani. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Marekani, hospitali 10, watoto 1,068 wa miaka 7 hadi 17, wazazi wakichagua wenyewe. Waliochagua dawa, baada ya mwaka mmoja kama 67 kati ya kila 100 walikuwa bado hawajapasuliwa, na siku za kushindwa shughuli zao za kawaida zilikuwa wastani wa 6.6 dhidi ya 10.9 za waliopasuliwa.

Mwaka 2025 ukaja mwingine kwenye jarida la Lancet, watoto 936 wa miaka 5 hadi 16 kutoka Kanada, Marekani, Finland, Sweden na Singapore. Huu ulipangwa kwa kura, mzazi hachagui. Upande wa dawa tiba ilishindwa kwa 34 kati ya 100 ndani ya mwaka, upande wa kisu 7. Hakuna mtoto aliyekufa kokote.

Chuma Chakavu, saa 4:12
34 kwa 7. Mechi imeisha hiyo.

Mpenda Hesabu, saa 4:15
Polepole. Hao 7 wa kisu karibu wote walihesabiwa kushindwa kwa sababu kidole kilitolewa, kikapimwa, kikakutwa kizima. Yaani mtoto kapasuliwa bure. Na wale 66 wa dawa wamemaliza mwaka na tumbo lao halijaguswa. Ukimuuliza mama yake Nurdin, hiyo mechi ameshinda nani?

Chuma Chakavu, saa 4:16
Mwaka mmoja. Mtoto ana miaka 70 mbele yake.

Mpenda Hesabu, saa 4:19
Hoja ya haki hiyo, nakupa. Kule Finland watu wazima walifuatiliwa miaka mitano, na wanne kati ya kumi waliotibiwa kwa dawa waliishia kupasuliwa.

Baba Nurdin, saa 4:31
Nashukuruni wote, samahani niliitwa ndani. Ana miaka 9. Maumivu yalianza juzi jioni alipotoka madrasa, tukadhani ni mihogo ya kukaanga. Joto 38.1. Chembe nyeupe elfu 14. Ultrasaundi imeandika unene milimita 9, maji kidogo pembeni. Kuhusu kijiwe karatasi haijasema kitu. Tuko hospitali ya mkoa. Nyumbani ni kilomita 70, barabara ya vumbi, mvua zikinyesha mto unaifunga. Bima hana, ililetwa fomu shuleni nikasema mwezi ujao.

Sista Bukoba, saa 4:44
Sasa tunaongea. La kwanza, karatasi kutosema kijiwe si sawa na kutokuwepo kijiwe. Nenda kwa aliyepima, muulize kwa mdomo wako: umekitafuta, umekiona kidole chote mpaka ncha? Kile ni choo kilichoganda kikaziba njia, na penye kizibo dawa hushindwa mara nyingi zaidi. Watu wazima huko Marekani, wenye kijiwe 41 kati ya 100 walikuwa wamepasuliwa ndani ya siku 90, wasio nacho 25. Na kwenye ule utafiti wa watoto wa 2020, mwenye kijiwe hakuruhusiwa hata kuingia upande wa dawa.

La pili ni saa. Juzi jioni mpaka sasa mnakaribia saa 40. Bado hamjatoka kwenye dirisha la siku mbili la kujaribu dawa, lakini mko kizingitini.

La tatu hakuna utafiti wa kulijibu. Leo ni Ijumaa. Tiba ya dawa si kuning'iniza chupa na kwenda kulala. Anatakiwa mtu wa kulikagua tumbo kila baada ya saa chache, damu irudiwe, na chumba cha upasuaji kiwe macho usiku mambo yakibadilika. Muulize bingwa: kesho Jumamosi usiku wa manane, daktari wa kupasua mtoto yupo? Wa kumpa nusu kaputi mtoto wa miaka 9 yupo? Nimeshapokea watoto Jumatatu asubuhi ambao wangepasuliwa Jumamosi kama mtu mmoja tu asingekuwa ameenda harusini.

Mbongo Toronto, saa 4:50
Sista umenifungua macho. Mimi naishi dakika 15 kutoka hospitali, niliona dawa ni jambo jepesi. Kilomita 70 na mto katikati, na huyo theluthi anayerudi harudi kwa miadi.

Mama Shamimu, saa 4:52
Halafu sindano waanze sasa hivi. Hata ukichagua kisu wangempa hizo hizo, seftriaksoni na Flagyl, kabla ya kuingia chumbani. Usizisubirishe kwa ajili ya uamuzi.

Sista Bukoba, saa 4:53
Kweli kabisa, nilisahau kuliandika.

Kobe wa Pangani, saa 4:58
Samahani, mihogo? Sisi tulikuwa tunajua kinaletwa na mbegu za mapera. Bibi alikuwa anatuhesabia.

Mzigua Halisi, saa 5:00
Mapera na kukimbia baada ya kula.

Mpenda Hesabu, saa 5:03
Ingekuwa mapera, Tanga nzima isingekuwa na vidole tumbo.

Kobe wa Pangani, saa 5:07
Usicheke. Kidole tumbo cha kwanza kabisa kutolewa kilikuwa na pini ndani. London, mwaka 1735, kijana wa miaka 11, daktari Claudius Amyand, tena bila nusu kaputi maana ilikuwa haijavumbuliwa. Kama pini inaingia, mbegu ya pera inashindwa nini?

Sista Bukoba, saa 5:09
Inaweza kuingia, kuna vidole vimekutwa na mbegu. Ni wachache sana. Mapera kuleni, jamani.

Mwana wa Nakuru, saa 5:15
Kwani hiyo bima ya huko kwenu ikoje? Huku Kenya tulitoka NHIF, bima ya zamani ya serikali, tukaingia SHA, ile mpya, na mtoto wa shangazi akashikwa na apendiksi katikati ya huo mvurugano. Tulichangishana kwa simu usiku kucha, jina lake halisomeki kwenye mtambo.

Mzigua Halisi, saa 5:18
Afadhali nyinyi mna jina la kutosomeka. Huku watu wanakumbuka bima wakiwa kwenye benchi. Sikusemi wewe Baba Nurdin.

Baba Nurdin, saa 5:26
Unanisema, na ni haki yako. Sista, nimeuliza. Aliyepima anasema hakukiona kidole mpaka ncha, tumbo lilikuwa na gesi. Wanamrudisha ultrasaundi, bingwa atasimama mwenyewe. Dripu imeshafungwa. Wa nusu kaputi yupo leo mpaka saa 10 jioni, kesho ni wa kupigiwa simu. Mama yake kaisaini karatasi ya upasuaji, lakini kaikunja kaiweka kwenye mkoba na mkoba kaukumbatia. Binti anauliza kama atakosa kukariri juzuu kesho. Simu ina chaji asilimia 4.

Mama Shamimu, saa 5:27
Allah amponye. Mwambie juzuu itamsubiri.

Chuma Chakavu, saa 5:30
Mwambie mkeo autoe huo mkoba.

Mpenda Hesabu, saa 5:31
Subirini kipimo kwanza, jamani.

Kobe wa Pangani, saa 6:20
Ameshajibu?

Mwana wa Nakuru, saa 6:48
Bado. Simu imezima bila shaka.

Kichuguu, saa 7:05
Samahani kuingilia uzi wa mtu. Wangu ana mwaka na nusu, kitovu kimetokeza kama limau, akilia kinakuwa kikubwa zaidi. Sista, hiyo nayo ni kisu au itarudi yenyewe?

Sista Bukoba, saa 7:09
Akitulia kinabonyea au kinabaki kigumu? Na ametapika?