Ati sura yangu si yangu??? Hiyo kasino ya simu yenye mchezo wa kandege mnaijua, msijifanye

Nyalenda_Orijino: Watu wa Kisumu, na nyinyi wa Nakuru mnaojifanya mmeokoka na kandege kako kwa simu, niko moto hapa hata kuandika nashindwa. Hiyo kasino sitaji jina. Ni ile. Ile ukifungua video yoyote inakurukia na bonasi ya kukaribisha.

Kuweka pesa hakuna maswali. Unaandika kiasi, simu inalia, PIN, hata kidole hujatoa pesa ishaingia, hakuna mtu alitaka kujua mimi ni nani, ningekuwa mbuzi wa jirani wangenipokea. Sasa jana usiku kandege kakapanda, kakapanda, na pesa ikipanda nako, nikatoka mapema kabla kapotee na pesa yangu, 38,000. Naenda kutoa, kitufe cha M-Pesa kimekuwa kijivu. KIJIVU. Ile ile M-Pesa niliwekea nayo. Zimebaki kadi na USDT. Kadi sina na hiyo USDT, ile pesa ya krypto, huwa naisikia kwa watoto wa chuo huko Maseno.

Naingia chati. "Mpendwa mteja, thibitisha utambulisho wako." Sawa. Nimetuma kitambulisho mbele na nyuma, nimetuma selfi nimekishika chini ya kidevu na karatasi ya tarehe, mama watoto amenimulikia na tochi juu stima ilikuwa imepotea. Wamekaa. Wamekaaa. Alafu jibu: "Uso ulio kwenye picha haulingani na kitambulisho. Tafadhali tuma picha ya mwenye akaunti."

YA MWENYE AKAUNTI. Na mimi ni nani basi yawa? Hii sura nimezikia watu nayo, nimelipia mahari nayo, leo mtoto fulani wa chati ambaye hata sijui ako nchi gani ananiambia nilete mwenyewe. Nikamuuliza unamaanisha nini, akasema "Tunaelewa hisia zako." Mama watoto amesoma hiyo meseji akacheka mpaka akakaa chini, alafu akanyamaza akaanza kuniangalia vizuri, kama mtu anahakikisha. Picha ya mwenye akaunti!! Aki Mungu.

Shabab_Boy: tuma hapa tukuambie kama ni yako

Nyalenda_Orijino: Usinianze.

NyarDunga: Pole omera lakini hiyo ya kitambulisho ulipigwa ukiwa na 18, sahii uko na kitambi na nywele zimehama. Hata mimi singekupea hiyo 38.

Mhasibu_Milimani: Tuache mchezo kidogo. Hawa wengi pesa wanataka irudi na njia ile ile iliingilia, na jina la M-Pesa lilingane na la kitambulisho. Kitufe kikikataa shida mara nyingi huwa ni jina. Hiyo laini imesajiliwa kwa nani?

Nyalenda_Orijino: Laini ni ya ndugu yangu lakini sura ni yangu, sasa hizo zinahusiana aje?

Shabab_Boy: 😂😂😂😂😂

NyarDunga: MWENYE AKAUNTI AJE MBELE TAFADHALI

Nyalenda_Orijino: Msinibadilishie mada. Mada ni sura. Angesema laini ningeelewa, yeye amesema USO.

Mhasibu_Milimani: Na swali lingine. Ukiweka pesa walikata ushuru? Tangu Julai 2025 wenye leseni ya Kenya wanakata 5% ukiweka na 5% ukitoa.

Nyalenda_Orijino: Hawakukata. Si ndio nilikuwa nawapendea.

Mhasibu_Milimani: Basi hao huenda hawana leseni yetu, na ukienda kushtaki kwa wasimamizi wa kamari watakuuliza unashtaki nani. Sheria yenyewe ilibadilishwa 2025, ile bodi ya kamari ya BCLB ikawekewa mamlaka mpya badala yake.

Boda_wa_Kakamega: Afadhali wewe pesa yako unaiona kwa skrini. Mimi nilijifanya mjanja nikatoa na USDT. Kuna kitu inaitwa netiweki, yaani njia pesa inapitia, nikachagua ya BEP20 na kule kwa akaunti yangu ya krypto wanapokea ya ERC20 peke yake. Anwani zote zinaanza na 0x, nani angejua? Kasino wanasema imetoka. Kule wanasema haijafika. Na hakuna 456 ya kutumia meseji irudishwe kama M-Pesa, ukikosea umekosea. Nilikuwa nimepangia tairi ya nyuma hiyo pesa.

Free_Area_Queen: Mimi niliweka na Skrill, ile pochi ya mtandaoni, wakaninyima bonasi, ati iko kwa masharti. Nani husoma masharti?

Boda_wa_Kakamega: bonasi si tairi, madam

Free_Area_Queen: Nimesema ni tairi? Kila mtu hapa na uchungu wake.

Jatelo_Kondele: Nyinyi mnalilia kasino, mimi nalilia ajenti. Pesa imeingia kwa simu poa kabisa, nafika kwa ajenti Kondele "hakuna keshi." Wa pili "hakuna keshi." Lakini ukisema unataka kuweka anakupatia mpaka kiti.

NyarDunga: Hapo umenena. Na ukipata mwenye ako nayo anataka utoe mara mbili mbili ndio apate komisheni, na makato ni yako.

Nyalenda_Orijino: Jameni 38,000 yangu bado iko huko

Shabab_Boy: mwambie mwenye akaunti aitoe

Free_Area_Queen: Makato si ya ajenti tu. Mama wa mboga hapa kwetu ukimwambia unalipa na simu anasema "tuma na ya kutoa." Sukuma ya 150, unaongeza 29 juu. Mimi ndio nilimtuma aende kutoa?

Jatelo_Kondele: Hiyo iko Kibuye pia kwa omena. Na mabango ya Till, ile namba ya kulipia biashara na M-Pesa, yamejaa kila kibanda.

Boda_wa_Kakamega: Till husema ina shida. Alafu anakupatia namba yake.

Free_Area_Queen: au ya shemeji

NyarDunga: Na wewe Boda usiongee sana, nyinyi ndio "sina chenji" kila siku, mtu unampea 200 ya safari ya 70 anaanza kuangalia mawingu.

Boda_wa_Kakamega: Sasa 200 saa kumi na mbili asubuhi mimi nitoe chenji wapi?? Beba ndogo ndogo.

NyarDunga: Nibebe ndogo ndogo mimi ni benki?

Jatelo_Kondele: kwani petroli unalipia na nini Boda

Boda_wa_Kakamega: Petroli nalipa na Till. Ya petroli haijawahi kuwa na shida.