Kila likizo ikiisha nawaza talaka, ni msimu au ni ndoa yangu?

MamaWawili (mwanzisha uzi)
Habari zenu wakuu, naombeni mnisome mpaka mwisho. Nina miaka tisa kwenye ndoa, watoto wawili, na juzi nilikua napitia meseji za zamani na dada yangu nikaona kitu kimenishtua. Mwaka juzi mwezi wa kwanza nilimwandikia "nimechoka nataka kuondoka". Mwaka jana mwezi wa kwanza maneno karibu yaleyale, alafu mwezi wa nane tena, wiki ileile watoto wanarudi shule. Na mwaka huu ndo hivyo tena, sikukuu zimepita, usiku niko na simu natafuta namba za mawakili na mwenzangu kalala pembeni.

Miezi mingine tunaishi tu. Hatugombani sana, anahudumia nyumba, hajawahi kuninyanyulia mkono. Ila kila likizo ikikaribia najipa moyo kwamba safari hii tutakaa, tutaongea, tutacheka kama zamani, alafu likizo inafika yeye na simu yake, mimi jikoni na wageni wa upande wake, watoto wananing'ang'ania mimi tu, na hela zinakatika mpaka tunaanza mwaka na madeni. Wageni wakishaondoka nabaki naangalia sebule najiuliza yani hivi ndo maisha yangu yote?

Je hii ni hasira ya msimu nikae kimya ipite, au ndo ukweli wenyewe na miezi mingine najidanganya?

Kipanga77
Pole sana dada. Hauko peke yako kwenye hili. Kuna watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani, Julie Brines na Brian Serafini, walipitia mashauri ya talaka yaliyofunguliwa kwenye jimbo la Washington toka 2001 mpaka 2015 na 2016 wakatoa matokeo. Walikuta yanapanda mara mbili kwa mwaka, Machi na Agosti, yani baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka na baada ya likizo ndefu ya kiangazi. Wakaangalia labda ni mambo ya ajira au bei za nyumba, wakayatoa kwenye hesabu, bado ule mwinuko ukabaki palepale.

Maelezo yao yanafanana kabisa na uliyoandika. Watu wanaingia likizo na matumaini makubwa, wanaipa ndoa nafasi nyingine, mambo yakiwa yaleyale ndo wanakata tamaa. Na kuwa Machi badala ya Januari ni kwa sababu mtu anahitaji muda wa kupanga hela, kutafuta wakili na kupata ujasiri. Mwezi wa nane hakuna kuchelewa sana maana shule zinakaribia kufunguliwa na mzazi anataka mambo yakae sawa kabla.

Subira_njema
Mdogo wangu tulia, ni uchovu huo. Mwezi wa pili ukiisha utakua umeshasahau, mimi yalinipata hayo miaka ya mwanzo.

Nyota_ya_Jioni
Hapana mama, samahani, usimwambie asubiri asahau. Mimi nilisahau miaka kumi na moja.

Nilifungua shauri la talaka mwezi wa tatu na kila mtu akasema imekuaje ghafla hivi wakati juzi tu tumewaona kwenye picha za sikukuu mnacheka. Haikua ghafla. Nilishaamua toka mwezi wa kumi ila sikutaka wanangu wakue wanakumbuka kwamba sikukuu ile ndo baba aliondoka, nikavaa nikapendeza nikacheka kwenye picha. Ile miezi ya kujifanya iliniumiza kuliko mahakama.

Lakini dada nimekusoma mara mbili na sikuoni pale nilipokua mimi. Mimi mwaka ule wa mwisho sikua nasubiri chochote kwenye likizo, hata akikaa sebuleni nilitamani atoke. Wewe bado unasubiri akae na wewe. Unaumia kwa sababu hakai. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mizani_sawa
Naongezea hapo. Kuongea na wakili ili ujue haki zako kuhusu watoto na mali sio kosa na hakukulazimishi kufungua kesi. Ila usisaini kitu wiki ya hasira. Hata sheria za nchi nyingine zimeweka muda wa kutafakari, England na Wales toka Aprili 2022 lazima zipite wiki 20 kabla ya kuomba amri ya kwanza ya talaka, China toka 2021 wanandoa waliokubaliana kuachana wanapewa siku 30 ambazo yeyote anaweza kuondoa ombi. Angalia nchi yako wanasemaje.

Alafu nikuulize, je mumeo anajua? Maana umetaja dada yako na mawakili tu.

MamaWawili
@Mizani_sawa hapana hajui. Nikinuna anauliza kuna nini nasema nimechoka tu.

Baba_K
Basi niongee kama mume. Mwezi wa kwanza mke wangu aliniambia anataka kuondoka na nilikua sijui chochote, naapa. Mimi nilijua likizo imeenda vizuri! Kwangu likizo ilikua ni kupumzika, kukaa kimya na simu bila bosi kunipigia, nikaona tuko wote ndani basi tuko pamoja. Kumbe mwenzangu likizo ndo anafanya kazi mara mbili na ananisubiri mimi.

Siku ile hatukuelewana maana kila mtu alikua amejaa. Tulikuja kuongea vizuri mwezi wa tano, hakuna mgeni, hakuna sherehe. Tukakubaliana wageni wangapi na siku ngapi, hela ya sikukuu mwisho shilingi ngapi, nani anaamka na watoto siku gani. Bado tunakwaruzana ila likizo iliyofuata hakununa. Ila ningechukia sana kujua kwamba dada yake alijua miaka mitatu kabla yangu.

MamaWawili
Baba_K hilo la mwisho limenichoma, na Nyota nimelia niliposoma yako. Kweli bado namsubiri.

Ile namba ya wakili sijaifuta, nimeiacha kwenye simu. Ila zile meseji za mwezi wa kwanza, wa nane na huu nimezipiga skrinshoti na tarehe zake. Jumamosi watoto wanalala kwa dada yangu, nimemwambia mume wangu asipange kitu chochote siku hiyo, kaniuliza kuna nini. Safari hii sijamjibu nimechoka, nimemwambia kuna kitu nataka akisome.