Koili ya mota ya Bedini: waya mpya, wa stabilaiza mbovu au wa pangaboi?

FundiShangani (Mtwara)
Wadau, hii ni ile mota ya John Bedini, mvumbuzi wa Marekani, yenye gurudumu la sumaku linalosukumwa na koili moja, huku betri ya pili ikichajiwa. Naweka hesabu hapa, mwenye kasoro aikosoe.

Bobini: kipande cha bomba la wayaringi la mm 20, na sahani mbili zilizokatwa kwenye kifuniko cha ndoo, nafasi ya waya kati yake mm 60. Nyaya mbili zinaenda pamoja bega kwa bega: ya nguvu ni mm 0.71 (geji 22), ya kuamsha transista (swichi ya umeme ya koili) ni mm 0.5 (geji 25). Tabaka moja linabeba mizunguko 45, matabaka 10 yanatoa 450. Kila waya unakula karibu mita 39. Mita isome takriban omu 1.7 kwenye waya mnene na 3.3 kwenye mwembamba. Ikisoma pungufu sana, kuna mahali vanishi (ngozi ya kuhami waya) imechubuka na mizunguko imegusana.

Waya mpya unauzwa kwa uzito. Koili hii inataka gramu 140 za geji 22 na gramu 70 za geji 25, ila chukua 200 na 100 maana mwanzo hauishi kuharibika. Wenye waya wa kilo nzima ni maduka ya Kariakoo, na mzigo unafika kwa basi. Lakini fundi yeyote wa kuwaindi mota mjini ana roli wazi na mizani, mwombe akupimie.

Stabilaiza mbovu: unapata waya bure na bati za chuma juu yake. Pangaboi: siipendi. Waya wake kwa kawaida uko chini ya mm 0.4, umekatika vipande, na kila kiungo ni uvimbe unaoharibu tabaka la juu yake. Ukitumia mm 0.3 kwa urefu uleule unapata zaidi ya omu 9, na nguvu ya msukumo inaporomoka.

KoiliLindi
Stabilaiza umeipita haraka mno, kaka. Tatizo si waya, ni watu kuuvuta ukiwa umeganda na vanishi. Chemsha transfoma nzima kwenye sufuria kuukuu saa moja, toa bati zenye umbo la herufi E na I moja moja kwa kisu butu zikiwa bado moto, kisha zungusha bobini ili waya utoke kwa kuviringika. Usiuvute kwa pembeni, unajikunja, na pale ulipojikunja vanishi inapasuka hata kama huoni kitu.

Kabla ya yote, kwangua ncha. Ikiwa nyeupe badala ya nyekundu, hiyo ni alumini, siku hizi imejaa kwenye vitu vya bei rahisi. Risasi haishiki, na kwa unene uleule ukinzani wake unazidi wa shaba kwa karibu asilimia 60. Irudishe kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Kupima vanishi: tumbukiza waya kwenye bakuli la maji ya chumvi, ncha zote mbili zibaki nje. Mita kwenye megaomu, kidole kimoja cha mita kwenye ncha, kingine majini. Ikionyesha haina njia, waya ni mzima. Ikishuka hadi kilo-omu, kuna tundu. Bahari ipo jirani, chota tu.

Mwalimu_Masasi
Ushauri wa bahari una mtego. Chumvi ikibaki kwenye waya inavuta unyevu wa hewa ya pwani, na kwenye tundu moja dogo shaba inaota kijani hadi inakatika. Ukipima hivyo, suuza kwa maji baridi ya mvua au ya kisima kisicho na chumvi mara tatu na uanike siku nzima kabla ya kuviringa. Hilo la alumini naliunga mkono.

Ila naona mnabishana juu ya waya wakati moyo wa koili, yaani chuma cha katikati, ndio unaoamua. Bedini alitumia fimbo za kulehemu za R60, nyembamba nyingi, na ana sababu. Boliti moja nene inapitisha umeme unaozunguka ndani ya chuma chenyewe na kuishia kuwa joto. Tena boliti ngumu, zile zenye alama ya 8.8 kichwani, zinabaki na usumaku baada ya umeme kukatika, kwa hiyo zinashikilia gurudumu badala ya kuliachia.

Machaguo ya huku kwetu, kuanzia bora:

Bati za I za transfoma ileile ya stabilaiza. Ni chuma chenye silikoni, kila bati ina ngozi inayoizuia isigusane kiumeme na mwenzake. Shida ni umbo: mstatili ndani ya bomba la duara. Tengeneza bobini ya mraba kwa kadibodi ngumu iliyopakwa gundi ya mbao, uache bomba.

Waya wa kufungia nondo. Huu mweusi umepashwa moto ukawa laini, hauhifadhi usumaku. Nyoosha kwa kufunga ncha moja kwenye mti na nyingine kwenye keke, zungusha taratibu ukivuta. Kata vipande vya sm 8. Kwa waya wa mm 1.2, bomba lenye tundu la mm 17 linameza karibu vipande 160. Chovya kwenye vanishi ya mbao, acha zikauke, ndipo ushindilie.

Elektrodi za kulehemu za mm 2.5 ukizigonga unga wote utoke: karibu vipande 35. Zinafaa, ila usiache hata punje ya ule unga, unanyonya unyevu na kutia kutu.

Mingoyo_Junction
Samahani wakuu, boliti ya kawaida ya mm 16 isiyo na 8.8 haifai kabisa? Ninayo tayari.

Mwalimu_Masasi
Itazungusha, ndugu yangu. Iweke kwenye makaa ya moto hadi iwe nyekundu, kisha iache ndani ya jivu ipoe usiku kucha. Inalainika, usumaku unaobaki unapungua. Joto la mikondo ya ndani litabaki palepale.

KoiliLindi
Kuhusu kuviringa: wanaotumia mkono wanapoteza hesabu kwenye tabaka la tatu. Chukua kikokotoo cha bei rahisi, unganisha nyaya mbili kwenye kitufe cha =, zipeleke kwenye swichi inayoguswa na msumari mara moja kila mzunguko. Bonyeza 1 + 1, kisha kila mguso unaongeza moja. Usizidi kasi ya mizunguko miwili kwa sekunde, kikokotoo kinaruka hesabu.

Mkazo: waya uwe umenyooka tu. Geji 25 ukiukaza sana unarefuka na kukonda. Kila matabaka matatu weka utepe wa karatasi. Na zile ncha za mwanzo zifunge kwa uzi kabla ya kuanza, maana zikikatikia chini hakuna pa kuzitafutia.

FundiShangani (Mtwara)
Nakubali kuhusu moyo, Mwalimu. Naongeza upande wa transista, kwa sababu koili nzuri ndiyo inayoua transista mbovu.

2N3055 inapatikana kwenye redio na inveta za zamani, lakini inavumilia volti 60 tu kati ya kolekta na emita (miguu yake miwili; wa tatu, beisi, ndio wa kuiamsha). Taa ya neoni inayowekwa sambamba nayo kuilinda, ambayo wengi wanaichomoa kwenye bisibisi ya testa, inawaka kuanzia volti 65 hadi 90 hivi. Yaani mlinzi anaamka mwizi akiwa ameshaingia. Betri ya pili ikichomoka mota ikiwa inazunguka, umekwisha. MJL21194 inavumilia 250, tumia hiyo ukiipata.

Mengine ni mafupi: daiodi ya 1N4007 kutoka kolekta kwenda chanya ya betri inayochajiwa, hasi ya betri hiyo kwenye chanya ya betri inayoendesha. Daiodi ya 1N4001 kati ya beisi na emita, mstari wake ukielekea beisi. Rezista ya beisi omu 470 pamoja na volyumu ya redio ya kilo-omu 1. Sumaku zote zitazame nje kwa ncha ileile, pengo hadi koili mm 3 hadi 5.

Mingoyo_Junction
Gurudumu likisimama koili inalia kama mbu na transista inachemka. Nini?

FundiShangani (Mtwara)
Transista inajiamsha yenyewe bila sumaku. Ongeza omu za volyumu hadi mlio ukate. Na kama ukisukuma gurudumu halishiki kasi, geuza ncha mbili za waya mwembamba tu. Usiguse za mnene.

Mwalimu_Masasi
Kwa watakaouliza kama inazalisha umeme wa bure: hapana. Volti ya betri iliyochajiwa kwa mapigo haya inapanda juujuu haraka, ndiyo inayowadanganya watu. Iache ipumzike usiku mmoja, kisha washa taa ya volti 12 wati 5 kwa betri hiyo na uhesabu saa hadi ishuke volti 11.5. Fanya hivyohivyo kwa ile iliyoendesha mota, kabla na baada. Saa zinazotoka ni chache kuliko zilizoingia, kila mara. Koili yenye moyo wa bati inapunguza hilo pengo, ya boliti inalipanua, na kwa kipimo hicho cha taa unaweza kulinganisha koili zako bila kumwamini mtu yeyote hapa, mimi nikiwemo.

KoiliLindi
Uzi mdogo wa taa ya nyuma ya bodaboda kwa kawaida ni wati 5, balbu yake iko kila duka la spea. Angalia tu imeandikwa 12V, pikipiki za zamani zilikuwa na za 6.