Resini yenye nanotyubu za kaboni: je, vumbi lake ni sawa na la asbesto?

Fundi_wa_Mtongwe

Assalamu alaikum wanajukwaa.

Ninasimamia karakana ndogo ya mashua za fiba upande wa Mtongwe, Mombasa. Wateja wetu wengi ni wavuvi na wenye mashua za kutembeza watalii, na kazi yetu kubwa ni kuziba nyufa, kuongeza tabaka za fiba na resini, kisha kupiga msasa mpaka ubavu wa mashua uwe laini. Hivi karibuni msambazaji mmoja ametuletea bidhaa mbili za kujaribu: resini ya epoksi ambayo tayari imechanganywa na nanotyubu za kaboni, yaani mirija ya kaboni midogo mno isiyoonekana kwa macho, na mkebe wa unga mweusi wa nanotyubu zenyewe, ambao anasema tukiuchanganya kwa mikono yetu gharama itapungua. Anadai kwamba tabaka likishakauka halipasuki upesi hata mashua ikigonga mwamba.

Mdogo wangu anayesoma chuo kikuu amenisihi nisiuguse unga huo, kwa kuwa amesoma kwamba unadhuru mapafu kama asbesto. Nilikuwa nimekwisha kuufungua. Ni mwepesi ajabu: nilitia kijiko tu, na vumbi likapanda na kuning'inia hewani kabla ya upepo wa kusi kulisukuma hadi kwenye benchi ambako vijana hula chakula cha mchana. Baadaye niliona weusi kwenye kingo za sahani, na haukutoka kwa kufutwa na kitambaa kikavu.

Ninaomba mwenye elimu anieleze mambo matatu. Je, ni kweli kwamba kitu hiki ni sawa na asbesto? Je, kikishafungwa ndani ya resini iliyokauka, msasa unaweza kukitoa tena? Na la tatu, mdogo wangu huyo huyo anasema nanotyubu zinafanyiwa utafiti ili zibebe dawa za saratani mwilini. Inawezekanaje kitu kinachoshukiwa kuleta saratani kikatumiwa kuitibu?

Maabara_Tudor

Wa alaikumu salaam, kaka. Nitaanza na swali la kwanza, kwa sababu ukilielewa hilo, mengine yatakuwa mepesi.

Chini ya jina «nanotyubu za kaboni» kuna vitu vingi visivyofanana. Mrija wenye ukuta mmoja huwa na kipenyo cha nanomita moja au mbili hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na ule wenye kuta nyingi unaweza kufikia makumi ya nanomita. Urefu nao hutofautiana mno, tangu sehemu ndogo ya mikromita moja (yaani nanomita elfu moja) hadi makumi ya mikromita. Baadhi ni migumu na imenyooka kama sindano, na mingine imejiviringa na kushikamana mabonge. Kwa mapafu yako, tofauti hiyo ya umbo ni muhimu kuliko ukweli kwamba yote imetengenezwa kwa kaboni.

Sababu ni hii. Ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu kuna seli za ulinzi ziitwazo makrofeji, ambazo kazi yake ni kumeza vumbi na kuliondoa. Seli hiyo ina upana wa mikromita ishirini hivi au pungufu. Ikikutana na bonge dogo hulimeza lote, lakini ikikutana na uzi mgumu wenye urefu unaoizidi, huwa kama mtu anayejaribu kumeza mshikaki pamoja na kijiti chake: haiwezi kufunga kinywa. Inaendelea kumwaga kemikali zake za kushambulia, tishu za jirani zinavimba, na uzi wenyewe unabaki palepale. Nyuzi nyingine hufika kwenye utando unaoyazunguka mapafu, na kwa kuwa matundu ya kutolea uchafu hapo ni madogo, zile ndefu hukwama. Njia hiyo ndiyo inayohusishwa na mesotelioma, saratani ya utando ambayo asbesto huileta baada ya miaka ishirini, thelathini, hata arobaini.

Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh walichapisha jaribio ambalo mdogo wako bila shaka amesoma habari zake. Waliingiza nanotyubu za aina mbalimbali ndani ya tumbo la panya, mahali penye utando unaofanana na ule wa mapafu. Zile ndefu na zilizonyooka zilisababisha uvimbe na vinundu kama asbesto ndefu ifanyavyo. Zile fupi au zilizojiviringa hazikufanya hivyo. Kwa hiyo mdogo wako hakukosea, ila alichokisoma kinahusu sehemu tu ya bidhaa zinazouzwa kwa jina hilo.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikutanisha wataalamu mwaka 2014, nao wakaiweka aina moja ya kuta nyingi, iitwayo MWCNT-7, katika kundi la 2B, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Aina nyingine zote ziliwekwa katika kundi la 3. Wauzaji hupenda kulitaja kundi la 3 kana kwamba ni cheti cha usalama, na sivyo: maana yake ni kwamba ushahidi uliokuwepo haukutosha kuziainisha. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walitoa matokeo ya panya waliovutishwa hewa yenye MWCNT-7 kwa muda wa miaka miwili, na saratani za mapafu ziliongezeka, ingawa mesotelioma haikuonekana katika jaribio hilo. Kwa binadamu, wafanyakazi wa viwanda vya nanotyubu wamepimwa na baadhi wakaonyesha dalili za uvimbe katika damu na makohozi, lakini viwanda vyenyewe havijadumu muda wa kutosha kwa ugonjwa unaochukua miongo kujitokeza. Hapo ndipo ninapomshangaa msambazaji anayekupa mkebe na kijiko.

Kuna jambo jingine ambalo husahauliwa. Nanotyubu hukuzwa kwa kutumia chembe za chuma, nikeli au kobalti kama vichocheo, na zisiposafishwa vizuri metali hizo hubaki ndani yake. Sehemu ya madhara yaliyoonekana katika majaribio ya seli yalitokana na metali hizo, wala si kaboni. Unga wa bei nafuu mara nyingi ni ule ambao haujasafishwa.

Swali la pili: karakana zilizopimwa hewa wakati wa kupiga msasa resini yenye nanotyubu zimeonyesha kwamba vumbi linalotoka ni hasa vipande vya resini vyenye nanotyubu zilizonaswa ndani, nyingine zikichungulia pembeni. Mirija iliyo huru kabisa huwa michache. Hatari kubwa zaidi ni pale unga mkavu unapopimwa, kumiminwa na kukorogwa, yaani kile hasa msambazaji anachotaka ukifanye wewe. Ningekuwa na hiari ya kufanya jambo moja tu, ningeurudisha mkebe.

Kuhusu dawa, matabibu hawatumii unga kama ule. Watafiti hukata mirija iwe mifupi sana, huisafisha metali, kisha huifunika kwa molekuli zinazopenda maji ili isishikamane mabonge ndani ya damu. Mwaka 2008 kundi la Stanford liliifunga dawa ya paklitaksel kwenye mirija ya namna hiyo, na katika panya dawa ilifika kwenye uvimbe wa saratani kwa wingi kuliko ilipotolewa peke yake. Mwaka 2010 ikaonekana kwamba kimeng'enya kilichomo ndani ya seli nyeupe za damu, mieloperoksidesi, kinaweza kuvunjavunja mirija yenye ukuta mmoja, kwa hiyo si kweli kwamba kaboni hii haiozi kamwe mwilini. Hata hivyo kutoka kwa panya hadi wodini ni safari ndefu.

Kitu cha kaboni kilichokwisha kuwafikia wagonjwa ni kingine. Nchini Uchina madaktari wa upasuaji huchoma sindano ya chembe ndogo za kaboni kwenye tezi ya shingoni. Mitoki inageuka myeusi na kuonekana, ilhali tezi ndogo za jirani zinazotunza kalsiamu hazishiki rangi, hivyo daktari haziondoi kwa bahati mbaya. Chembe hizo ni za duara, si nyuzi, na hazipiti mapafuni. Kaboni ile ile, umbo jingine, njia nyingine ya kuingia mwilini, hukumu nyingine.

Muuguzi_wa_Kazini

Mwalimu wa Tudor ameeleza vizuri, nami nitaongeza ya karakanani tu.

Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilipendekeza mwaka 2013 kwamba hewa ya kazini isizidi mikrogramu moja ya kaboni hiyo kwa mita ya ujazo, kwa wastani wa saa nane. Kiwango hicho kiliwekwa pale ambapo vipimo vya maabara vingeweza kukisoma, na wenyewe walisema kwamba hata chini yake hatari inaweza kubaki. Vumbi unaloliona kwa macho likining'inia limekwisha kupita kiwango hicho kwa mbali sana.

Ukiamua kutumia resini iliyochanganywa tayari, pigeni msasa wa maji badala ya mkavu, msipulize vumbi kwa kompresa, na mtumie kivuta vumbi chenye kichujio cha HEPA, kinachonasa hata chembe ndogo sana. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haitoshi. Inatakiwa ya daraja la N95 kwa uchache, na ile ya mpira yenye vichujio vya P100 ni bora zaidi. Kwa mafundi wenye ndevu, barakoa hizo hazishiki uso vizuri na hewa chafu hupita pembeni. Sisemi mtu anyoe ndevu zake. Zipo kofia zinazofunika kichwa chote na kusukumiwa hewa safi kwa feni, ingawa bei yake si ndogo. Benchi la chakula lihamishwe mahali ambako upepo hautoki karakanani, na kwa kuwa kusi na kaskazi hubadilishana, sehemu moja haitafaa mwaka mzima.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka msambazaji wa kemikali akupe karatasi ya maelezo ya usalama. Mdai. Angalia kama imetaja urefu na kipenyo cha mirija pamoja na metali zilizobaki. Ikiwa imeandikwa «kaboni» tu, au «grafiti», basi haijakuambia lolote.

Nitasema na hili, ingawa hukuliuliza: kama kwa kazi za kila siku mnatumia resini ya poliesta, harufu ile kali ni ya stairini, ambayo mwaka 2018 iliwekwa katika kundi la 2A, kundi zito kuliko lile la MWCNT-7. Vijana wanaivuta kila siku. Kwa maoni yangu, karakana nyingi za pwani zinaogopa kitu kipya na kukizoea cha zamani.

Bibi_Kibokoni

Naomba nidandie hapo hapo, wanangu. Nimeletewa chupa ya mafuta ya zeituni ya rangi ya zambarau, inasemekana yana kaboni iitwayo C60 na yanarefusha maisha. Je, hii nayo ni jamaa ya huo unga?

Maabara_Tudor

Shikamoo bibi. Ni jamaa kweli, ila umbo lake ni la mpira mdogo wa atomi sitini, uitwao fulerini. Uligunduliwa mwaka 1985, na Kroto, Curl na Smalley wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa ajili yake mwaka 1996. Hauna urefu wa kuchoma seli, kwa hiyo hofu ya asbesto haiuhusu.

Madai ya kurefusha maisha yalitokana na jaribio la mwaka 2012, ambapo panya wachache waliopewa mafuta hayo waliishi karibu maradufu. Baadaye watafiti wengine walilirudia jaribio hilo kwa panya wa aina nyingine, na maisha hayakurefuka. Zaidi ya hayo, waligundua kwamba mafuta yaliyoachwa kwenye mwanga kwa siku chache yaliwaua baadhi ya panya, kwa sababu fulerini ikipigwa na mwanga huzalisha oksijeni kali inayoharibu mafuta yenyewe na tishu. Chupa yako imekaa wapi tangu itoke kiwandani, dukani dirishani au gizani? Muuzaji mwenyewe hawezi kukuambia. Usiyanywe, bibi, wala usimpe mtu.

Fundi_wa_Mtongwe

Nimewaelewa, na ninawashukuru. Mkebe unarudi kwa mwenyewe, na resini iliyochanganywa nitaiweka kando mpaka karatasi ya usalama ifike. Limebaki swali moja: vitambaa tulivyofutia benchi, na kile kijiko. Kijana mmoja alitaka kuvichoma moto nyuma ya karakana.

Muuguzi_wa_Kazini

Asivichome. Nanotyubu huhitaji joto la mamia ya nyuzi ili ziteketee, na moto wa takataka wa uani haulifikii kila mahali kwa usawa, hivyo sehemu ya unga itapanda na moshi. Vilowesheni maji kidogo, mvitie kwenye mfuko mzito wa plastiki, mfunge, mtie ndani ya mfuko wa pili na kuuandika, kisha mumkabidhi msambazaji pamoja na mkebe wake au kampuni yenye leseni ya taka hatari. Benchi lifutwe tena kwa kitambaa kibichi chenye sabuni, si kwa ufagio, na aliyefuta avae glavu za nitraili jozi mbili. Sahani zioshwe kando, na maji yake ya kwanza yasimwagwe pale mnapopigia msasa, kwa sababu yakikauka vumbi litarudi.