Mrejesho: Plastiki ya chambo bandia kutuama chini ya chupa

Wakuu, niliuliza kwa nini plastiki ya majimaji niliyoitia rangi, ile ya kupasha na kumimina kwenye kalibu kupata chambo bandia za kuvulia samaki, inajitenga, juu mafuta tupu na chini uji mzito, halafu chambo zinatoka na michirizi. Asanteni sana mlionijibu.

Kukoroga ndiko kulikosaidia. Natumia kijiti bapa, nakwangua kitako cha chupa mpaka lile tope lote liachie, polepole, maana ukitikisa kwa nguvu inajaa mapovu. Naiacha itulie, ndipo naipasha hadi nyuzi 175 hivi, nje uani. Moshi wake si wa kuvuta. Kijani na nyeusi sasa zinatoka rangi moja kichwa hadi mkia.

Nyeupe bado inanisumbua, ukiirudia motoni inaingia umanjano. Hiyo napasha kiasi cha kumimina mara moja tu.

Akiba iko kwenye chupa za kioo, mfuniko umebana, kabatini mbali na jua la hapa Moshi. Na mkuu uliyesema chambo nyekundu zisilale mfuko mmoja na nyeupe, nilijaribu makusudi: nyeupe zimekuwa za waridi. Kambale wa bwawa la Nyumba ya Mungu wanazigonga hivyo hivyo, lakini.