Breki za mbele zinalia: ni pini ya kalipa au pistoni? Naomba ushauri

Wakuu, habari. Gari dogo, diski mbele, drami nyuma. Gurudumu la mbele kulia linatoa mlio mwembamba kama filimbi nikikanyaga breki kidogo kwenye mwendo wa 20 hadi 30. Nikikanyaga kwa nguvu, kimya. Hakuna mtetemo kwenye usukani, wala mkwaruzo wa chuma kwa chuma.

Nimelipiga jeki, nikaliweka juu ya stendi na kufungua tairi. Pedi ya nje ina milimita 8, ya ndani 4 tu. Kile kibati cha kuonya pedi ikiisha bado hakijagusa diski. Pini ya juu ya kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, huteleza juu ya pini mbili) inateleza kwa kidole. Ya chini ni ngumu, grisi imekauka ikawa kama lami, na kibuti chake (kifuniko cha mpira) kimepasuka. Pistoni, ile inayosukuma pedi ya ndani, nayo inarudi kwa klampu, ila inahitaji nguvu kidogo.

Naona mkosaji ni pini ya chini, kwa sababu kalipa isipoteleza pedi ya ndani ndiyo inabeba kazi yote. Lakini pistoni nzito nayo hula pedi hiyohiyo, ndiyo maana nauliza.

Nikibadili pini na kibuti, nikapaka grisi ya silikoni (ya kawaida huvimbisha mpira), nikaweka pedi mpya pande zote mbili, inatosha? Au nifungue kalipa nibadili na sili ya pistoni? Na diski yenye kung'aa kama kioo, mnaipiga msasa namba 120 au mnaipeleka kuchongwa?